Kufufua Land Rover Kuukuu Nyumbani

Hapa Ngamiani, Tanga, kama ilivyo katika miji mingine ya pwani, wako watu waliorithi Land Rover kuukuu kutoka kwa baba zao, au waliozinunua mashamba ya mkonge yalipouza vyombo vyake. Wengine huzitazama kuwa chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo. Wengine hutamani kuzifufua ziende tena. Maneno haya twayaandika kwa ajili ya hao wa pili. Twataka kueleza kwa taratibu kazi hiyo ilivyo, ianzie wapi, kipi kiongezwe na kipi kiachwe. Maana gari lililofufuliwa vibaya ni hatari kuliko gari lililokufa. Gari lililokufa haliui mtu. Lililofufuliwa nusu hupanda njia ya Amani limejaa watu na magunia, kisha hushuka bila breki.

Kwanza yafaa tujue asili ya gari lenyewe, kwa sababu mtu asiyejua chombo kilivyoundwa hawezi kukitengeneza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jipu la Kiamerika la Willys katika shamba lake kisiwani Anglesey. Alitaka kampuni yake iunde gari la namna ile, la kuvuta, kubeba na kufanya kazi za shamba. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza na kiligawiwa kwa kibali, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi iliundwa kwa aluminiamu, na chasisi kwa chuma. Chasisi yenyewe ni mabati mazito ya chuma yaliyochomelewa pamoja yakawa kama kasha refu lenye uwazi ndani.

Msomaji na ashike neno hili moja: bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma. Karibu shida zote za Land Rover kuukuu hapa pwani zinatoka katika neno hilo, na anayelisahau atatupa fedha zake baharini.

Magari ya kwanza, yaliyoundwa mpaka mwaka 1958, huitwa Series I. Mwaka ule ikaja Series II, ya namna mbili: fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109, yaani kipimo cha kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka kitovu cha gurudumu la nyuma. Series IIA ilifuata mwaka 1961, na Series III iliundwa tangu mwaka 1971 mpaka 1985. Zote hizo zina springi za bapa kama za lori. Magari ya springi za mviringo yalianza mwaka 1983. Mwaka 1990 yakapewa jina la Defender, na la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hapa twasema hasa juu ya zile za springi za bapa, ingawa mengi yafaa kwa zote.

Tanga si mgeni wa kazi ya chuma. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka uo huo wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na kila shamba kubwa lilikuwa na karakana ya kutengeneza mitambo na magari yake. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kufungwa, ujuzi wa karakana haukufa; ulihamia mitaani. Ndiyo sababu fundi wa kuchomelea, fundi wa springi na fundi wa umeme wa magari wanaweza kupatikana katika mtaa mmoja. Mwenye gari hana haja ya kufanya kila kitu kwa mkono wake. Lakini ana haja ya kujua kila kitu kinachofanywa.

Basi, adui ni nani? Si umri. Huko Maralal, Kenya, na katika milima ya Darjeeling, India, kwenye njia ya kutoka Manebhanjan kwenda Sandakphu, Land Rover za zamani sana zimeendelea kubeba watu na mizigo kwa miaka mingi. Adui wa gari la pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, nayo huvuta unyevu wa hewani. Gari likirudi kutoka Usambara hubeba udongo mwekundu, ambao hujikusanya juu ya chasisi na kuingia ndani yake kwa matundu. Udongo ule hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukoma. Kutu huanza ndani, mahali macho yasipofika, ikala kuelekea nje. Wakati huo huo bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, bali hung'aa. Mnunuzi hugonga mlango, akasikia mzima, akalipa. Wazee wamesema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo kazi ianze chini. Mjenzi wa jahazi hutazama mkuku kabla ya kufikiri kalafati na tanga. Na mkuku wa Land Rover ni chasisi. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, ugonge chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma, chini na ubavuni. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, au nyundo huzama. Tazama sana mti wa mwisho wa nyuma unaoshika ndoano ya kuvutia, mahali springi zinapofungwa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva, hasa pale miguu inapokaa. Maana ukuta ule nao si aluminiamu. Kama chini pamepakwa lami nene, usifurahi. Lami huzuia maji yasiingie, lakini vile vile huzuia maji yasitoke, na wauzaji wengine huipaka ili kuficha. Ikwangue kwanza, ndipo ukubali bei.

Baada ya kukagua, gari hufunguliwa. Hapa watu wengi hushindwa, si kwa uzito wa kazi bali kwa kukosa utaratibu. Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua. Kila fungu la nati na bolti liwe na kopo lake, na kopo liandikwe jina. Boliti iliyoshikwa na kutu ipewe mafuta mepesi na siku mbili, kabla ya kupewa nguvu. Gari lisimame juu ya vigingi vinne imara vya chuma au magogo mapana. Lisisimame juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa habari. Injini ina uzito wa zaidi ya kilo 150. Isininginizwe kwenye tawi la mwembe. Tawi halina cheti.

Sasa chasisi itengenezwe. Kabla ya kukata sehemu iliyooza, chomelea vyuma vya muda vya kuizuia isijipinde, maana chasisi iliyokatwa bila kuzuiwa hulegea kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Kata mpaka ufike kwenye chuma safi. Kubandika bati jipya juu ya kutu ni kuvika kidonda nguo. Bati la kiraka liwe na unene usiopungua wa chuma cha kwanza, yaani milimita 2 au zaidi kidogo. Kisha pima. Kwa gari fupi, kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma viachane kwa sentimita 224 hivi, na kwa gari refu sentimita 277. Na kipimo cha upande wa kulia kilingane na cha kushoto. Pima tena kwa kukingamisha, kutoka pembe ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili vya kukingamisha visipolingana, chasisi imekwenda upande, na gari litakula matairi na kumvuta dereva siku zote.

Kabla ya kuwasha mtambo wa kuchomelea, betri iondolewe, na tangi la mafuta litolewe na kuwekwa mbali. Wengi hudhani tangi tupu halina hatari. Sivyo. Tangi lililojaa huweza kuwaka, lakini tangi tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka. Fundi asikubali kuchomelea tangi kwa sababu tu mwenyewe anasema amelikausha juani.

Chasisi ikiisha, ipigwe msasa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Na ndani ya kasha imiminwe mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu, ienee pembe zote. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Katika nchi nyingine chasisi nzima huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Nasi tusioweza hilo tunaweza kulisafisha gari kwa maji matamu kila litokapo ufukweni au matopeni, na kumimina mafuta mapya ndani ya chasisi kila mwaka kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika bodi kuna jambo moja tu kubwa. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa, ikawa unga mweupe. Dawa yake ni kutenganisha: weka kipande cha mpira, au rangi nzito, kati ya vyuma hivyo viwili kila vinapokutana. Aluminiamu ni ngumu kuchomelewa, nayo hutaka mtambo na gesi yake. Lakini hukubali ribiti vizuri sana, na ndivyo ilivyoungwa kiwandani sehemu nyingi. Kwa hiyo fundi mwenye subira hutengeneza bodi nyumbani kwa mkasi wa bati, toboo na ribiti.

Sasa tuje kwenye breki na usukani, navyo vitangulie injini. Watu wengi hutumia fedha zote katika injini, kwa kuwa injini husikika, kisha breki hupewa masalio. Badili mirija yote ya mpira na ya chuma iliyoliwa. Fungua silinda za magurudumu, tazama kama zimeshika kutu ndani. Mafuta ya breki huvuta maji ya hewani hata yakiwa ndani ya mfumo, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2. Usipulize vumbi la viatu vya breki kuukuu. Vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Usukani nao ukaguliwe kila kiungo, kuanzia boksi mpaka kwenye magurudumu. Kiungo chenye mchezo kidogo gari likiwa limesimama huwa na mchezo mkubwa likiwa mbioni.

Tumefika kwenye jambo wapendalo vijana, yaani kubadili gari liwe bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Hatulikatai. Land Rover imebadilishwa na wenye nayo tangu siku ilipozaliwa, wakaifanya gari la wagonjwa, la zimamoto, la kuvuta na la kusaga. Lakini kuna kanuni moja: kila nguvu inayoongezwa mahali pamoja hudai nguvu mahali pengine. Asiyelipa deni hilo kwa hiari atalilipa njiani.

Badiliko la kwanza, na lenye faida kuliko yote, ni la breki. Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Njia hiyo ikitoboka mahali pamoja, breki zote hupotea kwa mara moja. Katika magari ya baadaye masta silinda ina njia mbili, hata moja ikipasuka nyingine hubaki. Masta silinda ya namna hiyo yaweza kufungwa katika gari la zamani na fundi anayejua. Mtu akiwa na fedha za badiliko moja tu, na liwe hili.

La pili ni umeme. Oltaneta hujaza betri vizuri kuliko dainamo, hata injini ikizunguka polepole. Lakini kabla ya kuifunga tazama waya upi umeungwa na bodi. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwaka 1967 yaliungwa upande chanya, na oltaneta ikifungwa kinyume huungua siku ile ile.

La tatu ni injini. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu, na katika kilima kirefu hulia sana. Kwa hiyo wengi hutia injini ya Land Rover ya baadaye, iitwayo 200Tdi, yenye lita 2.5 na nguvu zaidi ya farasi 100. Na wengine hutia dizeli za Kijapani. Hapa ndipo deni linapoonekana. Vyuma virefu vilivyo ndani ya ekseli ya nyuma ya magari ya zamani viliundwa kwa nguvu ndogo. Vikipewa nguvu ya ghafula na mzigo mkubwa, hukatika. Klachi na giaboksi nazo huchoka. Breki zilizotosha kwa mwendo wa zamani hazitoshi kwa mwendo mpya. Rejeta nayo lazima ilingane na joto la injini iliyotiwa. Basi anayepanga injini apange na hivyo vyote, au aitengeneze vizuri injini aliyo nayo, naye atafika, ila baada ya wenzake.

La nne ni kuinua gari na kutia matairi makubwa. Gari lililoinuliwa hupita vizuri juu ya mawe, lakini kitovu cha uzito hupanda, na katika ubavu wa kilima hupinduka upesi. Mirija ya breki huvutika, na viungo vya propela hukaa kwa pembe isiyofaa. Tairi kubwa hufanya usukani kuwa mzito, na mita ya mwendo huonyesha pungufu ya mwendo wa kweli. Springi nzima zenye bapa zilizosafishwa na kutiwa grisi hutosha kazi nyingi za kijijini. Kadhalika mzigo wa juu ya paa: gunia moja juu ya paa ni hatari kuliko mawili sakafuni.

Gari likisha, lijaribiwe polepole mahali pa wazi, bila abiria. Jaribu pia vijiti vya gia za pili. Kijiti chenye kichwa cha manjano kikisukumwa chini, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Kijiti chekundu kikivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, hupatikana gia za nguvu na magurudumu yote manne huvuta yenyewe. Kikirudishwa mbele gari hurudia mwendo wake wa kawaida. Magurudumu manne ni kwa matope na mchanga, si kwa lami. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope hupata kuteleza kidogo, lakini kwenye lami hayana nafasi hiyo, na vyuma vya ndani hujinyonga mpaka vivunjike.

Hati zisisahauliwe. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yapelekwe kwa TRA yaandikwe. Namba ya chasisi isikatwe wala kufunikwa kwa kiraka. Ndiyo ushahidi kwamba gari ni lako. Kabla ya kununua, linganisha namba iliyo kwenye chuma na ile ya kadi, na anayekataa kukuonyesha usimpe fedha.

Mwisho tunasema na walimu, na viongozi wa vijiji vya milimani na vya pwani. Mahali pengi gari la namna hii ndilo linalomchukua mama mwenye uchungu usiku wakati wa mvua, na kumfikisha hospitali ya Bombo. Kijiji au chama kinachotaka kufufua gari la pamoja, kifungue daftari moja la fedha na la kazi. Kiandike kila spea iliyonunuliwa, kila siku mafuta ya breki yalipobadilishwa, na jina la fundi aliyefanya. Kiweke vijana wawili karibu na fundi tangu siku ya kwanza ya kufungua mpaka siku ya mwisho ya kufunga, ili ujuzi ubaki kijijini fundi akiondoka. Fedha zikipungua, kazi isimame, isirukwe. Rangi na ingoje mwaka mwingine. Chasisi, usukani na breki havingoji.